Nyota za Mama, Nyota za Baba

Nikisikia tu harufu ya moshi wa tanuri la matofali, hata niwe wapi, narudi Mshangano. Mwenzangu, kama hujawahi kuunusa jioni ya kiangazi, baridi ya Songea ikikukata masikio, basi kuna kitu umekosa.

Ilikuwa miaka ile redio ilipokuwa ikishinda kuhubiri soko huria. Kule Majengo maduka yalijaa mitumba na sabuni za kunukia, huku kiwandani alikofanya kazi baba watu wakipunguzwa. Baba naye akapunguzwa. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazini, tukatakiwa tuwe tumehama kabla ya mvua. Mama alipiga kelele wiki nzima, hata sufuria zilimkoma. Baba yeye alinyamaza. Alikwenda kwenye kiwanja chake Mshangano akaanza kufyatua matofali. Nilimkasirikia sana. Niliona hajali hata kidogo tutalala wapi.

Siku ya kuchoma, mimi na dada yangu Skola tulilala chali kwenye majani makavu karibu na tanuri, giza ndiyo kwanza limeingia. Tulikuwa na mchezo wetu wa kugawa nyota. Nyekundu, kama ile iliyokuwa imekaa utosini, zilikuwa za mama, kwa ukali. Zile nyeupe zenye ubuluu kwa mbali tulimpa baba, maana zilionekana baridi kama maji ya mtungini.

Mwalimu Koku, jirani yetu kutoka Bukoba aliyefundisha fizikia sekondari, alikuwa ametuletea kibuyu cha togwa tunywe. Alitusikia, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema wataalamu wa nyota nao huzigawa kwa rangi, ila wao huanza na za buluu, zikafuata nyeupe, halafu za njano kama jua letu, za rangi ya chungwa, na nyekundu mwisho kabisa. Rangi ndiyo inayowaonyesha joto. Nyekundu ina joto dogo kuliko zote, na ya buluu ndiyo inayowaka kupita kiasi.

Nilikataa katakata. Moto ni mwekundu bwana, nani asiyejua?

"Mwalimu anasema kweli," baba alisema kutoka pale tanurini, bila kugeuka. "Njoo uchungulie."

Nikachungulia mdomo wa tanuri, mkono wake begani kwangu. Kuni za pembeni zilikuwa nyekundu, zikipasuka kwa kelele. Ndani kabisa moto ulikaribia weupe, umetulia kimya, na huko macho yangu yalishindwa kutazama. Baba akasema matofali yanaivia huko.

Yaliiva kweli. Mvua ya kwanza ilitukuta ndani ya nyumba yetu, magunia yakining'inia badala ya milango.

Miaka mingi baadaye, baada ya kumzika baba, nilikaa jikoni na mama nikamwambia kwamba marehemu alijaliwa moyo mwepesi, hakuwahi kuhangaika. Mama akaacha kuchambua maharage.

"Mwaka ule wa matofali baba yako hakuwa analala," alisema. "Anakaa ukingoni mwa kitanda anatetemeka mpaka jogoo anawika. Akaniomba nisiwaambie ninyi. Mimi nilikuwa napiga kelele, napoa, nalala zangu."

Nilitoka nje nikaegemea ukuta wa yale matofali yake, nikalia. Masikini baba yangu. Nyota tulizompa mimi na Skola zilikuwa zake kweli, ila hatukujua tumempa nini.