Ngamia Hawahesabiwi

Nilipopewa darasa la kwanza katika shule moja nje kidogo ya Balambala, nilikuwa na Kiingereza changu, Kiswahili changu, na Kikuyu cha kwetu Murang'a ambacho huko hakikuwa na kazi. Watoto walikuwa na Kisomali tu. Serikali ilishasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya nyumbani, lakini hakuna aliyetuambia mwalimu wa Murang'a angeitoa wapi. Kwa hiyo nilifanya kama walionitangulia. Nilifundisha kwa Kiingereza, nikapandisha sauti pale ambapo hawakuelewa, na nikimsikia mtoto akisema Kisomali nilimvika kibao shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake kwa kosa hilo hilo. Mimi mwenyewe nilivaa kibao cha aina hiyo utotoni kwa kosa la kusema Kikuyu, na nilikichukia sana. Hata leo naona aibu kwamba niliwavisha wengine bila kusita.

Kulikuwa na msichana mmoja ambaye hakuwahi kukivaa, kwa sababu hakuwahi kusema lolote. Alikuwa akirudia darasa. Alikaa dawati la mbele akiutazama mdomo wangu kutwa nzima, kengele ikilia anaenda zake. Mama yake aliuza maziwa ya ngamia kando ya ua wa shule, na siku moja aliniita akanieleza kwamba baba mtu amechoka. Muhula ukiisha mtoto hajajua kusoma, atapelekwa malishoni kwa nyanya yake akachunge, na shule ndiyo basi.

"Abaayo," akaniambia, wanavyoitana dada huko, "huyu si mjinga. Nyumbani yeye nasema mbaka mimi naambia nyamaza."

Maneno hayo yaliniuma. Nilirudi ofisini nikavitoa kabatini vitabu vya Kisomali tulivyoletewa zamani, bado vimefungwa kamba. Herufi zake ni hizi hizi zetu, kwa hiyo niliweza kuvisoma bila kuelewa hata sentensi moja. Basi kila siku baada ya masomo niliketi na yule mama katikati ya madumu yake ya maziwa. Mimi nilisoma kwa sauti. Yeye, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani, alisikiliza, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio, akanirekebisha matamshi, kisha akanieleza nilichosoma. Asubuhi nilisimama mbele ya darasa nimekariri somo zima. Watoto walinicheka pia, na mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini nilizimeza. Kile kibao nilikitia jikoni nikachemshia chai.

Wiki ya tatu niliandika ubaoni neno "geel", yaani ngamia. Yule msichana akainuka bila kuitwa, akalisoma. Halafu hakuketi. Akaanza kutusimulia habari za ngamia wao mmoja mkorofi anayekataa kukamuliwa na mtu yeyote isipokuwa mama yake, na darasa zima likamgeukia. Nililia mbele ya watoto, na wala sikuona haya.

Baada ya hapo nilivimba kichwa, na hapo ndipo nilipoharibu mambo. Mwalimu mkuu, ambaye ni mwenyeji, aliitisha mkutano wa wazazi ili Kisomali kipandishwe mpaka darasa la pili na la tatu. Hata kabla ya siku ya mkutano wazazi wengi walikuwa na mashaka. Kisomali tunacho nyumbani, walisema, shule itupe Kiingereza. Mimi nikataka kuwaonyesha. Siku hizo mama wa maziwa alikuwa amekwenda Garissa kwa shughuli zake, nikajitungia somo la hesabu peke yangu. Kwa Kisomali changu kibovu, lakini siku hiyo kilichoeleweka vizuri mno, nikawaambia watoto waende wakamwulize kila mmoja baba yake ana ngamia wangapi na mbuzi wangapi. Kesho tutajumlisha.

Kesho yake nusu ya madawati yalikuwa matupu. Msichana wangu hakuwepo.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini akafunga mlango. "Mwalimu, umewauliza watu mali yao?" Akanieleza kwamba mfugaji haulizwi idadi ya mifugo yake, na yeye mwenyewe haitaji. Kuitaja ni kuliita jicho baya. Na wasioliogopa jicho wanaiogopa serikali. Sasa mtaa wote ulikuwa ukisema Kisomali cha shule kimeletwa ili watoto wawapeleleze baba zao.

Kwanza nilikasirika. Hesabu ni hesabu, nikamwambia, kwetu tunahesabu hata ndizi za jirani. Hakucheka. "Babake yule msichana anampeleka malishoni Jumamosi," akasema. Hasira zikaniishia pale pale, nikabaki na woga.

Mama aliporudi kutoka Garissa alikuwa ameshapata habari. Hakunigombeza. Aliniambia tu nifunge ofisi, tukapanda pikipiki moja sote wawili mpaka kwao. Njiani nilirudiarudia maneno ya kuomba radhi, na kila niliporudia yalizidi kuwa mabaya.

Mumewe alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba, birika la chai mbele yake. Nikatoa salamu, akaitikia. Nikamwambia nimekosa, sikujua, na hata kama ningejua nilipaswa kuuliza kwanza. Akanimiminia chai, akaniacha niinywe yote.

"Mwalimu," akasema, "darasa yako iko na watoto ngabi?"

"Thelathini na wanane."

"Leo nani hakuja?"

Nikafungua mdomo. Nilimtaja binti yake, nikawataja wengine watatu, kisha nikakwama. Walikosekana kumi na tisa, hilo nililijua, nilikuwa nimeliandika kwenye rejista. Majina yao hayakuja. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

"Mimi jioni ngamia ikirudi sisemi moja, mbili, tatu," akasema. "Naangalia. Ile nyekundu iko? Mama yake iko? Ile nachechemea iko? Mahali ni tubu, najua nani hayuko. Narudi natafuta."

Kisha akaita ndani. Binti yake akatoka na kipande cha katoni mkononi, akampa baba yake, na yeye akaninyooshea mimi. Mke wake akanieleza jambo lililotokea. Mtoto alipokatazwa kupeleka idadi, hakutaka kurudi darasani mikono mitupu. Alikuwa amechukua mkaa akaandika majina ya ngamia wote wa baba yake, mmoja mmoja, kila jina na mstari wake.

Baba hakujua kusoma Kisomali kilichoandikwa. Lakini mtoto alikuwa amemsomea majina yote, na yeye alikuwa amemwambia asome tena, na tena.

"Soma," akaniambia mimi. "Lakini usihesabu."

Nikasoma. Mengine alikuwa ameyakosea herufi, lakini yote yalisomeka. Nilifunika mistari ya chini kwa kiganja na kukisogeza kidogo kidogo, nisije nikajua ni mingapi. Yule mzee aliniona nikifanya hivyo, na kwa mara ya kwanza akacheka.

"Mkutano ni lini?" akauliza.

Kwenye mkutano niliomba radhi mbele ya wote, mama wa maziwa akinitafsiria nilipokwama. Kisha mumewe akasimama na kile kipande cha katoni. Hakumwonyesha mtu kilichoandikwa, alikiinua tu, akasema kimeandikwa na binti yake. Hawakukubaliana wote, na wawili walitoka kwa hasira. Lakini Kisomali kilipita mpaka darasa la pili, na la tatu tutalizungumza mwakani.

Jumatatu sikuhesabu vichwa. Niliwauliza watoto kwa Kisomali, "Yaa maqan?" Nani hayupo? Wakageuka, wakatazamana dawati kwa dawati, wakiitana majina, na msichana wangu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Mwalimu mkuu akachungulia mlangoni akaniuliza wamefika wangapi.

"Hakuna aliyekosekana," nikamwambia.