Kanga Juu ya Mwizi

Kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, dagaa hawanunuliwi kwa mdomo peke yake. Mtumbwi ukigusa mchanga unakimbia, unatandaza kanga yako juu ya beseni, na kuanzia hapo beseni lile ni mazungumzo yako na mwenye mtumbwi. Mwingine, hata awe amekuja na lori kutoka Kasulu, hamsemeshi mwenye mali mpaka wewe uondoe kanga. Ukiiondoa, bei imekushinda. Ukiiacha palepale na ukanyamaza baada ya bei kutajwa, umekubali, na hakuna kulia. Nimeona wanawake wakivutana nywele pale mwaloni kwa sababu nyingi, nyingine za kijinga kabisa, lakini sijamwona aliyeinua kanga ya mwenzake.

Naieleza sheria hii mapema kwa sababu kuna mtu yuko hai leo kwa ajili ya kanga yangu, na hajawahi kunishukuru.

Nilikuwa mlinzi shirikishi. Watu wanasema sungusungu, lakini afande wa kata yetu alilichukia neno hilo. Alisema sungusungu ni wadudu, wanauma kwanza, kuuliza baadaye. Yeye alitaka ulinzi wa kisasa, kwa hiyo akatugawia makoti ya reflekta na filimbi. Virungu tulijitafutia wenyewe. Nilijiandikisha kwa sababu dagaa wangu walikuwa wanapungua vichanjani wakati wa kuanikwa, na jua peke yake halipunguzi dagaa namna ile. Wanawake tulipewa zamu ya mchana.

Filimbi ndiyo iliyotuponza. Tuliambiwa tukimkamata mtu tupulize ili wenzetu waje. Mara ya kwanza tulimkamata jamaa na nusu gunia la dagaa, tukapuliza, na wenzetu wakaja. Niliwahesabu mara mbili, makoti yalikuwa matano. Waliobaki walikuwa ufuko mzima, na hawakuwa na koti wala kiapo. Walikuwa na makasia na mawe. Sisi watano tulisukumwa nje kama watu waliokuja kutazama harusi ya jirani. Yule jamaa alifia kwenye maji yasiyofika magotini, uso chini, mtu amemkalia mgongoni. Ziwa letu ni angavu, unaona kokoto mpaka chini. Siku ile hukuona kokoto.

Afande alipofika alivua kofia, akaivaa tena. "Filimbi ni ya kumtisha mwizi ambaye hamjamshika," alisema. "Mkishamshika, mnapiga simu, mnamficha. Kumpulizia filimbi mtu aliyeshikwa ni kumsomea hukumu. Tumeelewana?"

Tukasema tumeelewana.

Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika, na wavuvi wanakaa ufukweni wakicheza bao na kudaiana. Mpaka giza linaporudi, kila mtu ana njaa na hasira ya akiba. Ilikuwa alasiri ya siku ya kwanza ya giza. Mitumbwi inatiwa petroli, nyavu zinakunjwa, na nahodha mmoja anafungua sanduku lake la betri za taa anakuta tundu. Betri nne hazipo. Bila betri hakuna taa, bila taa hakuna dagaa.

Nahodha huyo nilinunua kwake miaka mingi. Mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa akiniita shangazi ingawa kanizidi umri, ili nione aibu kupunguza bei. Sikuona.

Zamu ilikuwa yangu na fundi wa injini, mwanamume mpole mwenye karakana pale juu ya mchanga. Tulimkuta kijana nyuma ya vichanja, kakumbatia mfuko wa salfeti, na ndani ya mfuko betri mbili. Hakukimbia. Alikaa chini mwenyewe, akaweka mikono kichwani, kama mtu aliyeshafanya mazoezi.

"Nyingine mbili ziko wapi?" nikamuuliza.

"Mama, nifikisheni polisi kwanza. Nitasema huko huko."

Jibu la mtu mwenye akili. Nikampigia afande. Alikuwa Ujiji. "Mtieni karakanani, mfunge mlango," akasema. "Nakuja na pikipiki." Nikakata simu, nikageuka kumwambia fundi alete ufunguo, na fundi ndipo alipopuliza filimbi.

Aliipuliza kwa pumzi yote, mashavu yamejaa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa hajawahi kumkamata mtu maishani mwake, na ile ilikuwa furaha.

"Wewe!" nikamwambia.

Akaitoa mdomoni, akaitazama. "Lo! Nimesahau, mama."

Wa kwanza kufika alikuwa mpagazi mwenye kasia. Hakuuliza hata kilichoibwa. Kasia lilimpata kijana chini ya shingo, akaenda mbele kwa uso, na alipoinua kichwa mchanga umemjaa mdomoni. Wakaja wengine. Jiwe likampata sikio. Mama mmoja ambaye huwa tunaazimana mkaa alikuwa anampiga mbavuni kwa mguu wa kichanja, akihesabu mapigo kama anayetwanga. "Mrundi huyo! Mrundi!" alikuwa anapayuka mmoja, ambaye mama yake mzazi alizaliwa ng'ambo ya mpaka, ila siku ile haikuwa ya kuulizana ukoo. Kijana alikuwa Muha wa Kidahwe. "Mama, ndapfuye," alilia kwa Kiha, nimekufa, nimekufa, na hakuna aliyekuwapo ambaye hakulielewa neno hilo. Meno yake mawili yalikuwa mchangani mbele ya miguu yangu. Nilimshika mtu mkono, nikapigwa kiwiko cha taya.

Kisha nahodha akafika, na watu wakampisha, kwani mali ilikuwa yake. Ana dumu.

"Jamani, hiyo ni petroli ya kwendea ziwani," fundi akasema.

"Ziwani siendi," nahodha akajibu. "Niende na nini, na macho? Petroli ninayo ya bure leo."

Akafungua kifuniko. Ile harufu ilipotoka, watu wakarudi nyuma hatua moja, kwa pamoja, bila kuambiwa. Hapo palipobaki wazi ndipo nilipoingia. Nilivua kanga yangu ya juu nikaitandaza juu ya kijana, kichwa mpaka kiuno, nikapiga kelele ile ninayoipiga kila asubuhi:

"Nimeshika!"

Nisiulizwe nilifikiri nini. Mikono imezoea. Lakini ufuko ulinyamaza. Wote pale walikuwa wauzaji, wanunuzi au wapagazi, na mikono yao pia imezoea. Mpagazi alishusha kasia. Mtu mmoja akacheka.

"Shangazi," nahodha akasema taratibu, "hilo si beseni."

"Mali ni ya nani?"

"Mwizi ni wangu. Kaniibia mimi."

"Basi taja bei."

Alinitazama, akatazama vijana wake wa mtumbwi waliomzunguka, akaona hawezi kuinua kanga ya mwanamke mbele yao.

"Roho," akasema.

"Ghali. Betri mbili hizi hapa. Nani alishalipa roho kwa betri mbili? Hata wa Bujumbura watatucheka."

Wakacheka wachache. Mtu akicheka, jiwe linakuwa zito mkononi.

"Miguu yote miwili, basi."

"Akuonyeshe betri zako kwa kutambaa?"

"Mguu mmoja."

"Afande yuko njiani, atauliza uko wapi mwingine."

"Afande hanilishii watoto, shangazi!"

"Na majivu yatakulishia?"

Kanga ilikuwa mpya, ya njano. Ilianza kulowa upande wa sikio, doa likitanuka. Chini yake kijana akasema kitu. Nikainama. "Chini ya mtumbwi mbovu," akasema, "ule uliopinduliwa." Nikakitangaza kwa sauti, kijana mmoja wa nahodha akakimbia, akarudi na betri mbili kifuani. Nikazihesabu zote nne mbele ya watu, nikazihesabu tena.

"Mali yako imerudi," nikasema. "Bei imeshuka yenyewe."

Nilidhani nimemaliza. Lakini nahodha hakuweza kuondoka mikono mitupu. Ningekuwa yeye, nami nisingeweza. Dumu alilishusha. Kasia akalichukua.

"Bei ya mwisho," akasema. "Mkono wa kulia, ule uliobeba. Halafu mchukueni."

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Na hapo nikasikia pikipiki, mbali, kwenye mteremko wa kutoka mjini. Niliisikia mara moja. Mimi kitu cha mara moja sikiamini. Pikipiki Kigoma ni nyingi kuliko nzi. Nikafunga mdomo ili niisikie mara ya pili.

Kanga iko palepale. Mimi nimenyamaza.

"Imekwisha," akasema nahodha, kwa sauti ileile ya kila asubuhi.

Wawili walimvuta kijana mkono, wakaulaza ukingoni mwa mtumbwi. Nahodha alipiga mara tatu. Pigo la kwanza lililia kama samaki mkavu, mgebuka, anayevunjwa kuingia chunguni. La pili na la tatu hayakulia, kwa kuwa hapakuwa na kitu kizima cha kulia. Nilikuwa napiga kelele, lakini mnunuzi anayepiga kelele baada ya bei kukubaliwa, Kibirizi hasikilizwi.

Pikipiki ilikuwa ya afande kweli.

"Nani kafanya hivi?" akauliza.

"Kaanguka," wakasema.

"Kaangukia nini?"

"Kasia."

Akanigeukia. Nahodha hakunikonyeza, wala hakunitisha. Alinitazama kama anayejua hesabu yake iko sawa. "Shangazi alikubali," akasema. Na ufuko mzima, mpaka yule mama wa mkaa, wakaitikia kwamba ndiyo, alikubali, kanga ilikuwa palepale na alinyamaza, tuliona wote. Afande ni mtu wa Singida. Alitutazama kama tumerukwa na akili.

"Sikukubali," nikasema. "Kavunja huyu." Nikamnyooshea kidole nahodha.

Alikaa rumande, akarudi. Kijana alipelekwa hospitali, kisha mahakamani, kisha jela, akarudi naye. Mimi ndiye sijarudi. Nikitandaza kanga mwaloni, mwenye mtumbwi anaikunja vizuri, ananirudishia kwa adabu zote. Mtu anayekana bei aliyoinyamazia, nani atafanya naye biashara? Siku hizi nanunua kwa mkono wa pili, nauza Ujiji sokoni. Faida ni nyembamba kama dagaa wenyewe.

Mwaka huu kijana alikuja mezani kwangu. Nilimjua kwa sikio kabla ya mkono. Mkono umepinda kama kata, vidole vimelala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akawachagua dagaa kwa mkono wa kushoto, akawanusa. "Pikipiki uliisikia?" akauliza, bila kuniangalia.

"Niliisikia."

"Mimi niliisikia kabla yako. Sikio langu lilikuwa mchangani."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani na wewe umeisikia, ndiyo maana umenyamaza. Nikasema moyoni, tumepona."

Hakungoja nijibu. Akauliza bei ya sado. Nikataja. Akaweka mkono wa kushoto juu ya dagaa, akanyamaza.

Kwa sheria yetu hiyo inatosha. Mwingine angeshaanza kupima. Nilishika sado, nikaiacha hewani.

"Umekubali?" nikamuuliza.

Akanyamaza.

"Sema kwa mdomo," nikamwambia. "Umekubali, au hujakubali?"