Mtani na Maneno ya Kaburini

Juzi simu yangu ililia mfululizo nikiwa jikoni nachambua mboga. Kundi la familia. Mchekeshaji mkongwe amefariki, wameandika, nguli, mwalimu wa wengi. Chini yake mpwa wangu mmoja alikuwa ametuma kipande cha video ya zamani, kimechakaa hadi sura zinatetemeka, na wenzake wakakijaza vikatuni vya kucheka. Nilikitazama chote. Sikucheka, rafiki yangu, na machozi pia hayakuja. Ngoja nikusimulie, maana wale watoto hawajui wanamcheka nani.

Sisi tulimwita Mtani. Ukoo wake na ukoo wa bibi yangu walikuwa watani tangu enzi, na kwetu Bariadi utani haukuwa mzaha wa barabarani. Mtani aliweza kuingia kwako akaondoka na jogoo, akakuita mchawi mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kununa. Lakini ukifiwa, yeye ndiye anayeshika jembe na kuchimba kaburi. Huyu wetu alikuwa jirani, nyumba ya tatu kuelekea mtoni, mrefu, mwembamba, ana uso ambao watu waliuchekea kabla hajasema neno.

Baada ya mavuno ngoma mbili zilishindana uwanjani, kila moja upande wake, kwa wakati uleule, na ushindi ulikuwa wa ngoma iliyovuta watu wengi. Wenzake wakichoka, Mtani alijitokeza amejigeuza mpima pamba, anabonyeza mzani kwa goti huku macho yapo mawinguni kama anasali. Tulihamia upande wake mbio, vumbi juu. Hata mpima pamba mwenyewe alicheka, ingawa shingo upande. Nyumbani, wakati tukichambua pamba, safi huku na fifi, ile chafu, kule, tukitafuna michembe ya viazi vikavu hadi taya zinauma, bibi alimwita apite atuchangamshe. Alimkaribisha maziwa ya mgando kwenye kibuyu chake mwenyewe, kile ambacho sisi wajukuu tukikigusa tulifinywa masikio.

Babu hakuwa mtu wa maneno. Jioni akirudi malishoni aliwasalimia ng'ombe kwanza, mmoja mmoja kwa jina, kisha ndipo amgeukie bibi kwa salamu ya Kisukuma: "Mwadila, mayu." Bibi alilalamikia jambo hilo maisha yake yote ya ndoa. Siku tuliyomzika babu, Mtani alivaa koti la marehemu, akaingia zizini, akawasalimia ng'ombe wote hadi ndama wa juzi, akakohoa kile kikohozi cha babu, halafu akamgeukia bibi pale mkekani: "Kumbe na wewe umo?" Bibi akacheka huku machozi yanamtiririka, na msiba mzima ukacheka naye. Nilikuwa na miaka minane, lakini niliona jinsi kicheko kile kilivyomrudishia pumzi.

Makaburini, Mtani alikuwa ndani ya shimo na kijana mwingine, wamepokea mwili. Bibi akasogea ukingoni, mimi nimeshika khanga yake. Akainama, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini kabisa: "Sasa nani atanisalimia baada ya ng'ombe?" Tuliomsikia tulikuwa watatu tu. Mtani aliinamisha kichwa, akafuta uso kwa mkono wenye udongo.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu akaachiwa kufanya biashara. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori yao na mizani yao, mitumba ikajaa mnadani, na mjini likafunguliwa banda la video, jenereta linanguruma nje. Gari la matangazo la kampuni moja ya sabuni likapita Nyashimo, Mkula, hadi Bukundi kule Meatu, likitafuta mtu wa kukusanya watu. Nani mwingine? Mtani alipanda lile gari, akafika Mwanza, kisha tukasikia yuko Dar es Salaam. Bibi ndiye aliyemfungashia chakula cha njiani. Mwalimu wetu wa darasa la nne alitutangazia kwamba Bariadi sasa imefika Dar, nasi tukapiga makofi.

Kanda yake ilipofika, tulienda kuitazama alasiri mimi na kaka yangu. Mtani alitokea amevaa khanga, mto kifuani, meno kayapaka masizi aonekane kibogoyo. Mjane wa kijijini. Akajitupa chini, akagaagaa, akaita majina ya ng'ombe. Nakiri kwamba nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu akainama juu ya shimo la kuigiza, akabana pua, akalia: "Sasa nani atanisalimia baada ya ng'ombe?" Banda zima likalipuka. Mimi nikabaki mdomo wazi, nimejaa aibu kana kwamba nimevuliwa nguo.

Maneno yale yakawa wimbo. Sokoni wauza nyanya waliitana nayo, kisimani watoto wakayapigia kelele, na siku moja wakamwimbia bibi mwenyewe, bila kujua ni nani. Alirudi nyumbani akaniuliza. Nikamweleza.

"Alisema hivyo hivyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa watu asiowajua?"

"Ndiyo."

Aliketi kuchambua pamba, nami nikaona anaitupa safi kwenye fifi. Mwishowe akasema, "Atakuja. Mtani akivuka mpaka huleta kuku, mnamchinja, mnacheka, yanaisha." Akamsubiri. Misimu miwili ya pamba alimsubiri, na kila mbwa alipobweka njiani alinyoosha shingo kutazama. Alichotaka kilikuwa kidogo tu: mtani wake arudi, ili maneno yake yarudi kuwa yake.

Alikuja, lakini na gari la sabuni. Bibi alivaa khanga mpya, tukatembea hadi uwanjani, tukakaa mbele kabisa. Mtani alipopanda jukwaani alimwona. Najua alimwona kwa sababu maneno yalimkatika, akabaki ameshika kipaza sauti. Nikashusha pumzi, nikajua sasa atashuka, atapiga goti. Watu wakaanza kupiga kelele: "Ng'ombe! Ng'ombe!" Mtani akatabasamu. Akajifunga khanga, akatoa yote, kwa madoido kuliko ya kwenye kanda, na alipofika kwenye shimo akatazama mbali, juu ya vichwa vyetu.

Alipomaliza bibi alimfuata nyuma ya gari.

"Bibi, shikamoo. Usichukie, ni kazi tu," alisema haraka haraka.

"Ng'wanawane, mwanangu," bibi akamwambia, "nilisema nawe ukiwa ndani ya kaburi. Ya kaburini hayapandi juu."

Mtani akageukia gari. Akafungua katoni, akampa bibi mche wa sabuni, na mpiga picha wa kampuni akawaambia wasogeleane. Bibi aliupokea kwa mikono miwili, maana ndivyo alivyolelewa. "Wabeja," akashukuru. Alitusaliti yule mtu, rafiki yangu, na mpaka leo sijapata neno la upole zaidi la kuliita jambo lile.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alipofariki alikuwa ameacha agizo moja: Mtani asiitwe. Hakuitwa. Hakuna aliyevaa nguo za marehemu, hakuna aliyeiga mwendo wake, ingawa mwendo wake ulikuwa wa kuigwa. Tulilia tu, na kilio kisicho na kicheko ndani yake ni kirefu mno. Siku hizi misiba yetu yote iko hivyo. Ina maturubai, ina spika, ina mshereheshaji wa kukodi, lakini mtani hayupo.

Waliochimba kaburi la bibi walikuwa wajukuu wa dada yake, damu yetu kabisa. Jeneza liliposhushwa, mama yangu alisogea ukingoni, akainama, akafungua mdomo ili amwambie mama yake neno la mwisho. Akawatazama vijana waliokuwa ndani ya shimo. Akaufunga.