Picha Zenye Mapovu

Harufu ya pamba iliyolala ndani ya nyumba, ile ya mbegu, vumbi na dawa ya wadudu, hadi leo hunibana kifua. Msimu ule sebule yetu ya Kasoli ilijaa pamba hadi dirishani, nasi watoto tulilala juu yake. Hapo ndipo mama alipokaa kila jioni na simu ya baba, akisubiri picha za kaka yangu Masanja, aliyekuwa kisiwani Mafia akizamia na watalii, mtungi wa hewa mgongoni, kuwapiga picha samaki wa kwenye matumbawe. Baba aliwatazama samaki wale kama ng'ombe wa mnadani, akisifu mabaka ya huyu na mistari ya yule. Mama hakuwa na habari nao. Alitaka kumwona mwanawe, na mwanawe daima alikuwa nyuma ya kamera. Siku moja Masanja alimweleza kwamba yale mapovu pembeni ya picha ni pumzi yake. Kuanzia hapo mama alitafuta mapovu tu. Akiyaona, alikula, asipoyaona, chakula hakikupita.

Balaa ni kwamba kaka alizidi kuijua kazi. Picha zikaja safi, samaki wa njano na buluu wakimeremeta, povu hakuna.

“Mayu, mapovu yanaharibu picha. Wateja hawayataki,” alimwambia mama kwenye simu.

“Mimi si mteja. Nitumie zile mbaya.”

Alicheka, akaahidi, na zikaendelea kuja nzuri. Mama akakonda huku tunamwona. Kisha picha zikakoma kabisa. Nilipanda juu ya rundo la pamba, karibu na bati, nikainua simu kutafuta mtandao hadi mkono ukafa ganzi, nikimwomba Mungu iingie hata moja. Aliyepiga mwishowe ni mwenzake wa kazi: Masanja alizama na hakuibuka, wamempata kamera ikiwa bado imefungwa mkononi. Mama aliomba picha ya mwisho. Ikaingia. Samaki hakuna, picha nzima ni mapovu.

“Hii ndiyo niliyomwomba,” alisema, akaishikilia simu hadi tulipomzika Masanja.

Siku hizi naishi na mama Somanda. Mtandao haukatiki, na wanangu hutazama samaki wa kila bahari bila kuinuka kitini. Macho ya mama yameingia ukungu. Kila asubuhi hunipa simu niitazame ile picha ya mwisho, uji ukipoa mbele yake.

“Yapo?”

“Yapo, mayu.”

Ndipo anashika kikombe.