Bi Sufi Hataki Kiti

Pu! Ufito ukitua juu ya sufi. Ndiyo sauti iliyouamsha mtaa wetu miaka nenda miaka rudi, ikitoka katika chumba kimoja juu ya kilima, ambamo Bi Sufi alichambua, akapiga, akajaza magodoro. Chumba kilikuwa na dirisha moja, nalo alilifunga ili upepo usimpeperushie mali. Vumbi likabaki ndani pamoja naye. Sasa mapafu yamechakaa, na daktari amesema maradhi hayo hayatoki, yanatulizwa tu.

Kupiga sufi aliacha. Kushona foronya hakuacha, na cherehani yake ilikuwa huko huko juu. Tatizo lilikuwa kilima, maana nyumbani kwake ni chini. Akipanda kidogo tu, kifua kinabana. Hewa inaingia, kutoka haitaki.

Na kila akisimama kuhema, mtu analeta kiti.

"Kaa, mama, kaa!" Mwanawe wa kwanza ndiye aliyekuwa kinara wa viti. Alimkalisha mama yake sebuleni kama mtungi, hata maji ya kunywa akaletewa. Miguu ikasinyaa. Kutoka kitandani hadi chooni, akawa anahema kama aliyekimbizwa na mbwa.

"Hicho kiti ndicho kinachokumaliza," mama wa mazoezi wa kliniki alimwambia baada ya kumpima. "Mguu usiotumika unakula pumzi nyingi. Tembea. Ukihema, simama, toa pumzi polepole kama unapoza chai, kisha endelea. Na ukipanda, usiongee."

"Nisiongee? Mimi?" Mtaa mzima uliujua ulimi wake.

"Chagua. Mdomo au kilima."

Akafanya mazoezi uani, mwanawe akiwa kazini. Kisha asubuhi moja mkwewe, mke wa mwanawe huyo, akaropoka: chumba chake cha juu kinapangishwa, na kinyozi amekwenda kukitazama sasa hivi.

Bi Sufi alivaa viatu. Hakuaga.

Njiani walimwengu walimngoja na wema wao. "Shikamoo, Bi Sufi!" Akainua mkono tu.

"Makubwa!" akasema muuza mkaa. "Siku hizi hata marahaba inauzwa?"

Bi Sufi akasimama, akakunja midomo, akapuliza.

"Jamani, anakata roho! Leteni kiti!"

Kiti kikaja mbio. Mmoja akamkamata bega, mwingine akampepea kwa kipande cha boksi. Matusi aliyokuwa nayo kifuani yangetosha kuwafungisha wote biashara. Aliyameza moja moja, kwa kuwa kila tusi lingemgharimu hatua. Akakisukuma kiti kwa goti, kikaanguka miguu juu, akapita.

Alipofika, cherehani yake ilikuwa nje, juani, kama mgeni aliyefukuzwa. Ndani, kinyozi alikuwa amenyoosha utepe wa kupimia ukutani, na mwanawe ameshika ncha ya pili.

"Mama! Nani kakuleta?"

Bi Sufi alishika mwimo wa mlango, mabega yakipanda na kushuka, macho yamemkazia mwanawe. Mwanawe akaangaza huku na huku akitafuta pa kumkalisha.

"Kaka," kinyozi alisema akikunja utepe wake, "mbona hukuniambia chumba kina mwenyewe?" Akampita mama kwa adabu, ubavuubavu, akaenda zake.

Bi Sufi akanyoosha kiganja. Mwanawe akaweka ufunguo, maneno yakimtoka kama bomba lililopasuka. "Nakuonea huruma, mama. Nakusikia unavyohema, hata kula nashindwa. Hiki kilima kitakuua, halafu watu watasema nilikuwa wapi? Nikasema nikupunguzie mzigo. Hata majirani walisema nafanya vizuri, kila mtu alisema..."

Alimwacha aseme mpaka akaishiwa pumzi yeye. Pumzi ya Bi Sufi ilikuwa imesharudi, yote, ya kutosha kuugombeza mtaa mzima mpaka jioni.

"Hukuniuliza," alisema, kwa sauti ndogo kabisa.