Doti ya Bi Harusi Juu ya Tanga

Wiki iliyopita mke wa mjomba wangu alifungua kabati lake kule Kibada, akatoa kanga nyekundu iliyopauka na kunitandikia mapajani. Ukingoni ina safu ya matundu ya sindano. "Mwanao anaoa Jumamosi," akasema, "hii itie kwenye sanduku." Nikainusa, bado ina udi, machozi yakanitoka huku nacheka. Kaa kidogo nikusimulie, maana matundu yale nayajua moja moja.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne, nikiishi na bibi Mtoni Kijichi. Mjomba alikuwa anaoa Kibada, ng'ambo ya mkono wa bahari. Kwetu harusi haiwi harusi mpaka upande wa mume upeleke sanduku la bi harusi: kanga, viatu, manukato, udi. Likishafungwa halifunguliwi njiani. Linafunguliwa mbele ya wanawake wa upande wa mke, kitu kimoja kimoja, kwa vigelegele. Na bibi yake bi harusi, mama asiyeridhika hata na chumvi ya chakula chake mwenyewe, alishatuma salamu: sanduku lisipofika kabla ya adhana ya adhuhuri, ndoa isubiri masika yaishe. Mjomba alikuwa amemsubiri binti yule mpaka amekonda, suruali zinamvuka.

Asubuhi ya harusi tukaamka mvua imekata barabara ya Kongowe. Kuzunguka mjini hadi kwenye kivuko, adhana ingetukuta njiani. Bibi akajifunga buibui akaenda kwa jirani mwenye ngalawa.

"Inaelea hiyo?"

"Shikamoo, bibi. Inaelea, ila tanga limezeeka."

"Marahaba. Hata mie nimezeeka, na harusini naenda."

Tukapanda wanne: jirani kwenye usukani, mjomba kaikunja kanzu yake nyeupe mpaka magotini, bibi kapakata sanduku, na mimi nimeshika kamba ya tanga. "Usiiachie hata ung'atwe na nyuki," bibi akaniambia. Mvua ilikuwa imekatika, mikoko inanuka tope na chumvi, na tulikuwa na bakuli la kalimati za moto. Nilijiona nahodha.

Katikati ya maji tanga likapasuka, mpasuko mrefu kama mlango. Jirani akazamisha pondo, ule mti wa kusukumia ngalawa, halikugusa chini. Maji yalikuwa yanapwa, yakaanza kutuvuta kuelekea bandarini kwenye meli kubwa.

"Mama, ndo basi tena," mjomba akasema, na sauti yake ikanitia simanzi.

Bibi akafungua sanduku.

"Mama! Hilo halifunguliwi njiani!"

"Kwani hapa njiani? Hapa majini. Shika huku."

Akatoa doti nyekundu, haijakatwa bado, akachomoa sindano aliyokuwa akiichomeka siku zote kwenye mtandio. Jirani akatoa uzi wa nyavu. Bibi akashona ngalawa ikiyumba, mimi nakaza kitambaa, mjomba anaomba dua. Tulipolitweka tanga tena, upepo uliingia kwenye ile kanga ikatuna, na ngalawa ikaruka. Sijawahi kufurahi vile tena, hata siku ya harusi yangu.

Pwani ya Kibada wanawake walikuwa wamesimama, macho yote kwenye ile kanga nyekundu. Bibi yake bi harusi akaingia majini hadi vifundoni.

"Sanduku la mjukuu wangu mmelifungua?"

"Mwenzangu," bibi akasema, "wenzetu hufungua sanduku chumbani, waone wachache. Sie kanga yake tumeitweka, Kibada nzima iione."

Yule mama akaishika kanga, akapitisha kidole kwenye mshono. Kisha yeye mwenyewe, wa kwanza, akapiga kigelegele. Adhana ilitukuta tumeshakaa barazani, mjomba anacheka peke yake.

Bibi hayupo tena. Ngalawa ya jirani iliishia jikoni kuwa kuni, na pale tulipopandia watu wamejenga ukuta, huwezi hata kuyaona maji. Siku hizi sanduku linakwenda kwa gari lenye kiyoyozi, linafika mapema, na hakuna anayesimama pwani kulingoja.

Lakini Jumamosi, gari letu likishika daraja la Kigamboni kwenda kwao bi harusi, nitashusha kioo na kuitoa kanga hii nje ipigwe na upepo. Wakwe waione inakuja. Na sitaiachia.