Nakala Tatu za Cheti cha Tingfang

Kueiyun alikuwa anakanda unga wa mchele wa tambi Paochu alipotokea mlangoni mwa kibanda chake cha chakula, katika mji mdogo wa Meinong. Hawakuwahi kuonana, lakini Kueiyun alimjua papo hapo. Mwanamke aliyefuata chakula tu hasimami mlangoni mwa mgahawa akiwa ameinamisha kichwa namna ile.

Huyu ndiye aliyeishi na Tingfang, mume wa Kueiyun, huko Taitung, ng'ambo ya milima, kwa zaidi ya miaka ishirini. Tingfang aliondoka akisema anafuata kazi ya barabara, asirudi tena. Kueiyun ndiye aliyemlea binti yao, akamuuguza mama mkwe mpaka akamzika, na talaka hakudai. Tingfang alipofariki mwaka uliopita, habari zilimfikia kwa simu. Hakwenda.

Chiumei, jirani muuza mboga, alikuwa ameshachungulia. "Mwagie maji ya moto huyo! Ana uso wa chuma kuja hapa!"

"Wewe kauze mchicha wako," Kueiyun akamjibu. Akamgeukia mgeni. "Kaa. Kula kwanza, ndipo useme."

Paochu alikula huku machozi yakidondokea bakulini. Kisha akaeleza. Majivu ya Tingfang yangali nyumbani kwake, juu ya meza. Hekalu lina nafasi ya kuyahifadhi, lakini wanataka cheti cha kifo, na cheti chenyewe kililowa kikaoza tufani ilipoezua paa. Alikwenda hospitali kuomba nakala, wakamuuliza yeye ni nani wa marehemu.

"Nikaondoka, dada. Kwenye karatasi, mimi si mtu. Wanampa mke au mtoto tu."

Kueiyun akafunika unga kwa kitambaa, akatoa kitambulisho chake sandukuni, akafunga kibanda mchana kweupe. Chiumei aliachwa akiwatazama wawili hao wakienda stesheni.

Asidhani mtu kwamba roho yake ilikuwa nyeupe kama pamba. Garimoshi lilipoacha bahari ya magharibi na kuingia kwenye mahandaki ya milimani, hasira ilimpanda.

"Mama yake alilia jina lake hadi pumzi ya mwisho! Wewe hukuweza hata kumwambia aje?"

"Nilimwambia. Kila mwaka mpya nilimfungia begi. Akifika stesheni, anarudi. Aliona haya."

"Haya!" Kueiyun akacheka kwa uchungu. "Haya yake nimeibeba mimi."

Wakashuka Taitung.

Hospitalini, karani kijana alikagua kitambulisho, akakuta jina la Tingfang limeandikwa humo kuwa mumewe. Akamtazama Paochu. "Na huyu mama?"

"Dada yangu," alisema Kueiyun. "Ndiye aliyemuuguza. Toa nakala tatu, mwanangu, asije akahangaika tena."

Kueiyun akasoma kwenye karatasi sababu ya kifo. Ini. Hakujua. Alimwuliza Paochu kama Tingfang aliteseka, na Paochu akamweleza yote pale pale kwenye benchi: jinsi alivyomgeuza kitandani, jinsi alivyomlisha uji kwa kijiko mpaka ukamshinda. Kueiyun alisikiliza hadi mwisho. Akamshika mkono.

"Hiyo kazi ingekuwa yangu. Ahsante."

Kesho yake walipanda pamoja hekaluni. Kueiyun alichoma ubani, akamkemea mumewe maneno mawili matatu, kisha akamwacha Paochu aweke chombo cha majivu kwa mikono yake mwenyewe. Nakala moja aliichukua kwa ajili ya binti yake.

Siku hizi, msimu ukifika, kreti la matopetope, matunda ya huko, huletwa Meinong kutoka kwa Paochu, Taitung. Chiumei huyala bila aibu, huku akiuliza, "Hivi kweli ulimwita dada?"

"Ningemwita nani?" husema Kueiyun, na kuendelea kukata tambi.